Skripti ya kupeleka ripoti za hitilafu kwa wenye programu

Mtumiaji wa Debian akiona programu imezimika ghafla, anayemlalamikia kwa kawaida si yule aliyeiandika. Debian, mradi wa mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hauandiki sehemu kubwa ya programu unazozigawa. Huzichukua kutoka kwa watu waliotawanyika duniani, huzirekebisha kidogo zikae pamoja bila kugombana, kisha huzifunga katika vifurushi. Kila kifurushi kina mtunzaji wake, mara nyingi mtu wa kujitolea, na ripoti ya hitilafu humfikia yeye kwanza. Nyuma yake wapo walioandika msimbo wenyewe. Hao nitawaita chimbuko.

Ripoti nyingi huzama kati ya hawa wawili. Mtumiaji ameripoti, mtunzaji amesoma na kukubali kwamba tatizo lipo, lakini mwenye uwezo wa kulitibu hajasikia lolote, na miaka inapita. Mwongozo wa wasanidi wa Debian unamtaka mtunzaji azipeleke ripoti hizo kwa chimbuko. Wengi wanalijua hilo na bado hawafanyi, kwa sababu kazi yenyewe inachosha: kunakili na kubandika, kufungua akaunti kwenye tovuti nyingine tena, kutafuta kama kuna aliyetangulia kuripoti, kisha kurudi kuandika kumbukumbu ya ulichofanya. Mtu anayejua kuandika programu akiirudia kazi hii mara chache tu ataanza kuwazia skripti, yaani programu fupi ya kumfanyia.

Kwa sura yake ya kwanza skripti hiyo ni rahisi mno. Daftari la hitilafu la Debian linaendeshwa na mfumo uitwao debbugs, ambao Ian Jackson aliuanzisha mwaka 1994, na mwaka 2021 namba za ripoti zake zilivuka milioni moja. Lina kiolesura cha SOAP, mlango wa programu kuzungumza na programu, ambacho yeyote anaweza kukisoma bila nenosiri. Moduli ya Python iitwayo debianbts inakupa orodha ya ripoti za kifurushi, hali ya kila moja, na barua zote zilizoandikwa chini yake. Upande wa pili, GitHub na GitLab, tovuti ambako miradi mingi huhifadhi msimbo wake, zina mlango kama huo (API) ambao kwa ombi moja la POST hufungua tiketi mpya, yaani ripoti kwenye daftari lao. Unganisha ncha hizo mbili na unayo programu isiyozidi ukurasa mmoja. Ushauri wangu ni kwamba usiiendeshe, na sehemu kubwa ya makala hii inaeleza kwa nini.

Hitilafu ni ya nani?

Hili ndilo swali ambalo skripti hailijui jibu lake, na ndilo la kwanza. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ndani ya Debian aliondoa mistari miwili ya msimbo kwa sababu chombo cha ukaguzi, Valgrind, kilikuwa kinailalamikia. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukichanganya chembe za bahati nasibu zinazotumika kutengeneza funguo za siri. Baada ya hapo kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa hasa namba ya mchakato kwenye mfumo, yaani uwezekano wa 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo. Luciano Bello aligundua kasoro hiyo, ikatangazwa tarehe 13 Mei 2008, na ikasajiliwa katika orodha ya kasoro za usalama kama CVE-2008-0166. Dunia nzima ilibadilisha funguo za SSH, zile za kuingilia kompyuta za mbali.

Tukio hilo lina mambo mawili ndani yake. Kwanza, kasoro ilikuwa ya Debian: chimbuko halikuwa nayo, na ripoti yoyote ambayo mashine ingeipeleka huko ingekuwa imebisha hodi nyumba ya jirani. Pili, mtunzaji yule hakukurupuka. Aliwauliza watu wa OpenSSL kabla ya kuondoa mistari ile, ila jibu alilopata lilichukulia kwamba mabadiliko yalikuwa ya kusaidia kutafuta hitilafu tu. Ujumbe ulifika, muktadha haukufika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya skripti ni kukagua viraka, yaani mabadiliko ambayo Debian imeyaweka juu ya msimbo wa chimbuko. Kifurushi cha Debian huweka marekebisho yake katika saraka ya debian/patches, na pendekezo liitwalo DEP-3 linaeleza vichwa ambavyo kila kiraka kinapaswa kuwa navyo. Kimojawapo ni Forwarded, kinachosema kama kiraka kimeshapelekwa kwa chimbuko au hakihitaji kupelekwa. Ikiwa ripoti ina mfuatano wa miito (orodha ya sehemu za msimbo zilizokuwa zikiendeshwa programu ilipoanguka) unaotaja faili fulani, na faili hilo limeguswa na kiraka cha Debian, skripti isimame na kumwambia mtunzaji: angalia nyumbani kwanza. Ulinganisho huo ni wa majina ya mafaili tu, mashine inauweza vizuri.

Kisha kuna umri. Debian hugandisha matoleo ya programu kabla ya kutoa mfumo mpya, na yanabaki hivyo kwa maisha yote ya mfumo huo, isipokuwa kwa marekebisho ya usalama na makosa makubwa. Debian 12 ilitoka Juni 2023 na Debian 13 ikafuata Agosti 2025. Mtu aliyebaki kwenye ile ya 12 anaweza kuripoti leo kosa ambalo chimbuko lilishalifuta zamani na kulisahau. Jamie Zawinski, mwandishi wa xscreensaver, programu ya kufunga na kupamba skrini, alichoshwa na ripoti za namna hii hadi akaweka ndani ya programu yake onyo linalomwambia mtumiaji kwamba toleo lake limepitwa na wakati. Mwaka 2016 onyo hilo lilizua mabishano makali na watu wa Debian, naye akafikia kuwaomba waiondoe programu yake katika mkusanyo wao. Unaweza kuona alizidisha, lakini ukikaa upande wake utaelewa: kila asubuhi unajibu barua kuhusu kitu ulichokwisha kukitengeneza.

Faili la debian/watch huiwezesha programu ya uscan kujua toleo jipya kabisa la chimbuko. Skripti ilinganishe toleo hilo na lile lililotajwa kwenye ripoti. Yakitofautiana sana, hatua inayofuata ni kumwomba aliyeripoti, au mtunzaji, ajaribu toleo jipya kabla ya jambo lolote kwenda mbele. Hakuna namna ya kukwepa hapa. Lazima mtu aketi na kujaribu.

Wakati mwingine pia chimbuko lina chimbuko lake. Chukua mfano unaotuhusu. Glibc, maktaba ya msingi ya mifumo mingi ya Linux, ina data za Kiswahili cha Tanzania na Kenya, sw_TZ na sw_KE: majina ya miezi, siku za wiki, mpangilio wa tarehe. Tuseme mtu wa Morogoro anaona jina la mwezi limefupishwa vibaya. Anaripoti Debian, dhidi ya kifurushi cha locales. Kifurushi hicho kinatokana na msimbo wa glibc, kwa hiyo ripoti inastahili kwenda Sourceware, makao ya mradi wa glibc, kwenye daftari lake la hitilafu linaloendeshwa kwa programu ya Bugzilla, sehemu ya localedata. Lakini huko huenda wakauliza: CLDR inasemaje? CLDR ni hazina ya Unicode ya data za lugha, ambayo glibc huchota mengi kutoka kwake, nayo ina daftari lake jingine kabisa na utaratibu wake wa wazawa wa lugha kupendekeza na kupigia kura data. Skripti inayoishia hatua ya kwanza itakuwa imefanya kazi yake sawasawa na bado jina la mwezi halitabadilika. Anayejua kwamba safari ni ndefu zaidi ni mtu.

Mlangoni

Ukishajua kwamba hitilafu ni ya chimbuko kweli, unatafuta mlango. Hapa mashine inasaidia sana. Vifurushi vingi vina faili la debian/upstream/metadata, na ndani yake sehemu za Bug-Database na Bug-Submit: ya kwanza inaonyesha ripoti zilizopo ziko wapi, ya pili inaonyesha mpya zinapelekwa wapi. Skripti isome hapo, isibahatishe kutokana na anwani ya hazina ya msimbo. Miradi kadhaa huweka nakala ya msimbo GitHub huku hitilafu zikipokelewa mahali pengine.

Kila mlango una desturi zake. Bugzilla inataka bidhaa, sehemu na toleo, na itakukatalia ukikosea jina la sehemu. GitHub inakubali karibu chochote, na hapo ndipo penye mtego: fomu ambazo mradi umeziandaa ili mtu ajaze hatua za kurudia kosa huonekana kwa anayepita kwenye kivinjari, lakini tiketi inayofunguliwa kwa API huzipita pembeni. Wenye mradi watapokea ripoti isiyofuata fomu yao, wajue mara moja kwamba imetoka kwa mashine, na wengine wataifunga bila kuisoma. Siwalaumu. Skripti iliyoandikwa kwa adabu huichukua fomu hiyo kwanza (huwa kwenye saraka ya .github ndani ya hazina) na kuijaza.

GitHub pia ina mipaka. Mwenye tokeni, yaani ufunguo wa kujitambulisha, ana maombi 5,000 kwa saa, asiye nayo 60, na kwa maombi yanayotengeneza vitu vipya kuna kizuizi kingine kikali zaidi: kwa jumla 80 kwa dakika na 500 kwa saa. Ukijikuta unakaribia namba hizo wakati wa kupeleka ripoti, shida yako haiko kwenye mipaka.

Uvumilivu wa chimbuko umepungua pia miaka hii ya karibuni. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, amekuwa akilalamika hadharani tangu mwanzoni mwa 2024 kuhusu ripoti za usalama zilizoandikwa na akili unde: ndefu, zenye lugha safi, na ndani yake hakuna kitu. Anayepokea analazimika kuzipima moja moja, na saa alizozipoteza hazirudi. Mtunzaji anayetuma ripoti kwa skripti leo anaingia katika foleni hiyohiyo, na atahukumiwa kwa macho hayohayo, hata kama ripoti yake ni ya kweli.

Kinachoandikwa ndani

Barua ya mtumiaji isipelekwe ilivyo. Debbugs inafanya kazi kwa baruapepe, hivyo ripoti moja inaweza kuwa na majibizano ya miaka, nukuu juu ya nukuu, mtu aliyeingia katikati na tatizo tofauti, na mwishoni orodha ndefu ya vifurushi ambayo programu ya reportbug huibandika yenyewe. Chimbuko linahitaji vitu vichache tu: nini kilifanyika, nini kilitarajiwa, hatua za kurudia kosa, toleo, na kiungo cha ripoti asili kwa atakayetaka kuchimba. Skripti inaweza kuvuta toleo, usanifu wa kompyuta na kiungo, kisha ikafungua kihariri chenye rasimu na barua ya kwanza ikiwa chini kama rejea. Maelezo ayaandike mtunzaji. Ikiwa aliyeripoti aliandika kwa Kiswahili au Kifaransa, huu pia ndio wakati wa kutafsiri, kwani madaftari mengi ya chimbuko yanaendeshwa kwa Kiingereza.

Anwani ya aliyeripoti ni jambo la kuangalia kwa makini. Ni kweli kwamba daftari la Debian ni la wazi na anwani zinaonekana humo. Lakini mtu aliyekubali kuonekana pale hajakubali kunakiliwa kwenye tovuti nyingine ambayo hajawahi kuifungua. Viambatisho ni hatari zaidi: kumbukumbu ya programu iliyoanguka inaweza kubeba nenosiri, tokeni, au kipande cha barua ya mtu. Kanuni iwe kwamba hakuna kiambatisho kinachohama chenyewe. Na ripoti yenye alama ya security isifungue tiketi ya wazi hata kidogo. Miradi mingi ina njia ya faragha kwa mambo hayo, na skripti inapaswa kuonyesha njia hiyo kisha kunyamaza.

Kumbukumbu mbili

Sasa tufike panapochukua muda mwingi zaidi kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Baada ya tiketi kufunguliwa kwa chimbuko, kuna kumbukumbu mbili za jambo moja, kila moja na namba yake. Ni kama mzigo uliotumwa kwa basi: mtumaji asipobaki na risiti na mpokeaji asipopewa namba, mzigo upo lakini hakuna wa kuudai. Kwenye debbugs risiti huandikwa kwa baruapepe ya amri kwenda kwa roboti ya udhibiti:

forwarded NNNNNN https://anwani-ya-tiketi
tags NNNNNN + upstream
thanks

Amri ya bts iliyomo katika kifurushi cha devscripts hukuandikia barua hiyo. Upande wa chimbuko, kiungo cha ripoti ya Debian kiwe ndani ya maandishi ya tiketi.

Ugumu uko katika mpangilio wa matukio. Huwezi kuandika forwarded kabla ya kupata anwani ya tiketi, na anwani huipati kabla ya kuifungua. Mtandao ukikatika katikati, tiketi ipo, Debian haijui, na skripti ikiendeshwa tena itafungua ya pili. Hata bila mtandao kukatika kuna mwanya, kwa sababu debbugs hushughulikia barua za amri kwa zamu yake, na kwa dakika kadhaa sehemu ya forwarded itaonekana tupu. Skripti iliyowekwa kwenye cron, ijiendeshe yenyewe kwa ratiba, itadanganyika.

Dawa ni kuweka daftari la tatu, dogo, kwenye mashine yako mwenyewe: faili la SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, linatosha. Kabla ya kutuma, andika kwamba ripoti namba fulani inapelekwa. Ukipata jibu, andika anwani. Usipopata jibu, hali yake ni "haijulikani", na ripoti yenye hali hiyo hairuhusiwi kutumwa tena mpaka skripti itafute kwenye daftari la chimbuko kiungo cha ripoti ya Debian. Kwa kuwa kiungo hicho kimo ndani ya kila tiketi uliyofungua, kukipata ni kupata tiketi yako. Ukaguzi huohuo ufanywe pia kwa ripoti ambazo hujawahi kuzigusa, maana huenda mtumiaji mwenyewe alishakwenda kwa chimbuko.

Ripoti zilizounganishwa nazo zina masharti yake. Debbugs huruhusu ripoti kadhaa za kosa moja kuunganishwa, na tangu hapo amri kwa mojawapo huzigusa zote. Skripti inayohesabu kila namba kivyake itapeleka kosa moja mara tatu. Iangalie sehemu ya mergedwith na kuchukua kundi zima kama jambo moja.

Chimbuko lingine halina daftari lolote ila anwani ya barua. Debian ina njia yake kwa hilo: unamwandikia mwandishi, na kwenye nakala unaweka anwani ya ripoti yenye kiambishi -forwarded, kisha mfumo wenyewe unaandika kwamba ripoti imepelekwa kwa nani. Hapo roboti isijibizane na roboti. Barua iliyotungwa na mashine ibebe kichwa cha Auto-Submitted kama kilivyoelezwa katika RFC 3834, ili seva ya upande wa pili inayojibu "niko likizo" isijibu, na skripti yako isisome jibu la likizo kama jibu la mwandishi.

Njia ya kurudi

Ukitazama Debian ilivyojipanga utaona jambo la kuvutia. Njia ya kurudi, kutoka kwa chimbuko kuja Debian, imeachiwa mashine tangu miaka ya 2000. Chombo kiitwacho bts-link huzunguka kwenye tiketi zote zilizoandikwa katika sehemu ya forwarded, husoma hali zake kwenye Bugzilla, GitHub, GitLab na kwingineko, na hali ikibadilika huandika alama kwenye ripoti ya Debian. Tiketi ikifungwa kwa kurekebishwa, ripoti hupata alama ya fixed-upstream. Njia ya kwenda imebaki mikononi mwa watu. Naona huo ni mgawanyo sahihi: kusoma hali ya tiketi hakumsumbui mtu, kufungua tiketi kunachukua muda wa mtu ambaye hakuombwa ridhaa.

Angalia pia kwamba bts-link haifungi ripoti ya Debian. Kosa likirekebishwa kwa chimbuko, mtumiaji wa Debian bado analo mpaka kifurushi kipya kifike. Na chimbuko likisema halitarekebisha, mtunzaji bado ana hiari ya kuweka kiraka chake. Skripti yako ifuate mfano huo, iandike alama tu.

Viungo vyenyewe, hata hivyo, havikai milele. Google Code ilifungwa mwaka 2016. GNOME, mradi wa mazingira ya eneo-kazi, ilihama kutoka Bugzilla kwenda GitLab mwaka 2018, LLVM, mradi wa vikusanyaji msimbo, ikaenda GitHub mwishoni mwa 2021, na Python ikafuata Aprili 2022, ikiwa na namba mpya kwa kila tiketi. Uhamaji wa GNOME ni mfano mzuri wa jinsi roboti inavyoweza kupotoshwa: tiketi za zamani zilifungwa kwenye Bugzilla kwa hali ya OBSOLETE, zikiachiwa maoni ya mwisho yanayotaja anwani mpya. Skripti inayosoma hali peke yake itaripoti kwamba tatizo limekwisha, ilhali liko wazi GitLab na watu wanalijadili. Kwa hiyo kabla ya kuamini tiketi yoyote iliyofungwa, isome maoni ya mwisho, itafute kiungo cha mahali papya, na ikikipata iandike upya sehemu ya forwarded kwa anwani hiyo kabla ya kugusa alama nyingine yoyote.